Kiti cha Dirishani

Uji ulikuwa umepoa mpaka umefanya ngozi juu, na Nkasiogi hakuwa ameugusa. Alikaa sakafuni mwa mahabusu ya polisi pale Arusha mjini, mgongo ukutani, macho kwenye nondo za dirisha.

"Mama Tabea, kunywa hata kidogo," alisema Inspekta Ndesanjo.

"Mwanangu yuko wapi?"

"Yuko kwa babu yake. Hajambo."

"Wamemchukua mume wangu, wamemchukua mtoto, na shingo hii mmeichukua ninyi. Sasa huo uji utapitia wapi?"

Ndesanjo alichuchumaa mbele yake. Alikuwa Mchaga wa Machame, mpelelezi wa siku nyingi, mtu wa hasira za karibu, na siku hizi mbili hasira ilikuwa imemkaba asipate wa kumtolea. Kilichomuudhi ni kwamba kesi ilikuwa rahisi mno. Kila mtu aliijua, kuanzia wauza ndizi wa sokoni mpaka makarani wa boma, na kila mtu alikuwa ameshahukumu.

Elisaria Sumari, mume wa huyu mama, alikuwa Uingereza miaka minne akisomea kilimo. Juzi alirudi. Alipanda ndege huko London pamoja na baba yake, Mzee Mikaeli Sumari, ambaye wakulima wenzake wa kahawa walikuwa wamemtuma kwenda kuona kahawa yao inavyouzwa. Wakashuka Nairobi, wakaingia kwenye basi, jioni wakafika nyumbani mlimani, upande wa Meru. Nkasiogi, Mwarusha aliyeolewa huko, akampa mumewe maziwa ya kibuyu. Asubuhi Elisaria akaanguka uani, akafa. Mzee Sumari alitamka neno moja tu, sumu, na neno hilo likashuka mlima kabla gari la polisi halijapanda. Polisi wakakuta vitu vyeusi ndani ya maziwa yaliyobaki, na mishale ya sumu nyumbani kwa kaka yake mwanamke.

Leo wanamzika. Akishafukiwa hakuna wa kumfukua. Kesho mama huyu anapelekwa Moshi kushitakiwa kwa kuua, na mwisho wa kesi ya kuua ni kamba, hakuna asiyejua.

"Nieleze tena," alisema Ndesanjo. "Tangu alipoingia."

"Nimeeleza mpaka mdomo umeniuma."

"Umeeleza maziwa. Kila aliyekuhoji amekuuliza maziwa, na mimi nikiwemo. Leo sitaki maziwa, nataka mtu mwenyewe. Aliingiaje?"

Nkasiogi aligeuza uso kwa mara ya kwanza. "Aliingia akichechemea."

"Akichechemea?"

"Mguu wa kushoto. Ulikuwa umejaa kuanzia goti kushuka chini. Kiatu amekivua, amekishika mkononi. Nikamcheka. Nikamwambia, baba Tabea, Ulaya watu wanarudi na viatu vipya, wewe unarudi umebeba kimoja mkononi? Akacheka na yeye. Akasema mguu umekufa ganzi kwenye ndege, tangu hapo umekataa kuamka. Nikamkanda kwa mafuta ya kondoo. Nilipombonyeza huku nyuma, kwenye nyama ya mguu, alipiga kelele."

"Mbona hukusema siku zote hizi?"

"Nani aliniuliza? Mmeniletea kibuyu, mmeniletea mishale ya kaka yangu. Mguu mmeuleta lini?"

Ndesanjo alimeza jibu hilo kwa sababu lilikuwa la haki. "Na maziwa alikunywa?"

"Alionja tu, aniridhishe. Alichotaka ni maji. Alikunywa kama ng'ombe aliyetoka malishoni wakati wa kiangazi. Nikamuuliza, kwani kule juu hamna maji? Akasema yapo, ila ukinywa lazima utoke kwenda haja, na yeye hakuwa na njia ya kutoka."

"Kwa nini asiwe na njia?"

"Alisema tu, nilikuwa na mzee. Halafu usingizi ukamchukua." Alijifuta uso kwa shuka. "Asubuhi akatoka nje, hakufika hata kwenye zizi. Akashika kifua. Alivuta pumzi kama mtu anayezama, damu kidogo ikamtoka mdomoni, akaniangalia. Mimi ndiye niliyemshika, afande. Baba mkwe alipotoka akakuta nimemshika, akasema nimemuua."

Ndesanjo alisimama. Hakumpa matumaini, kwa sababu hakuwa nayo ya kugawa. Alimwambia tu anywe uji, akatoka karibu akikimbia.

Konstebo Saning'o, dereva wake, alikuwa ameegemea Land Rover akichokonoa meno.

"Wapi, afande?"

"Hospitali. Na hilo tairi la nyuma likipasuka leo utalibeba kichwani."

Daktari Rebelo, Mgoa mfupi mwenye miwani mizito, ndiye aliyempasua marehemu. Ndesanjo hakumwachia hata nafasi ya kumkaribisha kiti.

"Ulipompasua Elisaria Sumari uliangalia mguu?"

"Niliangalia tumbo. Barua yenu ilisema sumu, toa tumbo, peleka kwa mkemia Dar es Salaam. Nimetoa, nimepeleka. Majibu ni baada ya majuma kadhaa, na kama ni ile sumu ya mishale, huenda wasiione kabisa."

"Wasipoiona, mwanamke atatoka?"

"Hilo si swali la daktari. Lakini kama mimi ningekuwa hakimu, na sumu imekutwa kwa kaka yake, na mzee wa kanisa anaapa kwamba mwanawe alishuka kwenye ndege mzima kabisa..." Rebelo aliinua mabega. "Mguu una nini?"

Ndesanjo akamweleza: uvimbe, maumivu nyuma ya mguu, kiu, kukosa pumzi ghafla, damu mdomoni. Daktari alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Safari hii hakuinua mabega.

"Alikaa muda gani bila kusimama?"

"Ndicho ninachotafuta. Kwa nini?"

"Mtu akikaa sana, magoti yamekunjwa, hanywi maji, damu inaweza kuganda ndani ya mshipa wa mguu. Ikiganda inakaa pale pale, mguu unavimba. Siku mtu akinyanyuka akatembea, pande linakatika, linapanda mpaka kwenye pafu, linaziba. Hapo hata dakika za kuaga hupati. Nimesoma habari za watu waliopatwa na haya baada ya safari ndefu za ndege, si mmoja."

"Unaweza kuliona hilo pande?"

"Nikifungua kifua, nitaliona kama ninavyokuona wewe. Lakini maiti imeshachukuliwa. Walikuja asubuhi na lori, wanaimba."

Ndesanjo aliinua simu ya daktari bila kuomba. Mkuu wake, Bwana Hollis, alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Na ile kitu nyeusi ndani ya maziwa?" aliuliza Hollis.

"Mkaa, bwana. Waarusha wanasafisha kibuyu kwa kijinga cha moto. Nimeyanywa mwenyewe mara nyingi, mkaa na vyote."

"Na sumu ya yule kaka, Lesikar?"

"Lesikar ana mbuzi na chui hawamwachi. Ukimshika Lesikar kwa mshale wa sumu, washike wafugaji wote mpaka Monduli."

Halafu Hollis akasema, "Ndesanjo, sikia mimi. Mimi hapana fungua sanduku la maiti kwa nguvu. Watu wa mlima ile wamekasirika na serikali siku nyingi. Kama baba yake nakubali kwa mdomo yake mwenyewe, sawa. Kama hapana kubali, kesho mwanamke nakwenda Moshi. Basi."

Simu ikakatwa. Daktari Rebelo alikuwa ameshaanza kutoa vifaa vyake kabatini, akavipanga mezani, mtu mwema yule, akijua vilevile kwamba huenda akavirudisha kabatini bila kuvitumia.

"Mzee hatakubali kwa maneno ya mguu wenye uvimbe," alisema Ndesanjo walipokuwa garini. "Ataniambia mwanamke anatunga. Nataka mtu aliyekuwa ndani ya ndege ile."

"Popatlal," alisema Saning'o.

"Popatlal gani?"

"Yule Mhindi wa matairi, kule mtaa wa Sakina. Alirudi na ndege hiyo hiyo. Ebo, afande, hujasikia? Tangu arudi hajafunga mdomo. Nilimpelekea tairi jana, nikahadithiwa ndege mpaka tairi likasahaulika."

"Na wewe ukanyamaza siku nzima?"

"Uliniuliza?"

Leo kila mtu alikuwa na jibu hilo hilo. Ndesanjo alimwamuru akanyage mafuta.

Popatlal walimkuta kando ya barabara ya Nairobi, mbele ya duka lake, katikati ya matairi makuukuu na mafundi waliokuwa wamelala chini ya lori. Alikuwa amesimama. Kiti chake kizuri kilikuwa nyuma yake, kitupu.

"Karibu kiti, Inspekta. Mimi sikai. Mimi nimekaa ya kutosha maisha yangu yote."

"Ndicho ninachotaka kusikia. Ulisafiri na Mzee Sumari na mwanawe?"

"Daraja moja! Lile la bei rahisi. Wakubwa wako mbele, wanakunjua miguu, sisi nyuma. Magoti yangu yaligusa kidevu, nakuambia kweli. Chakula unakula viwiko vimebanwa kama unaiba. Mimi nilikuwa upande huu wa njia, wao upande ule, viti viwili. Mzee amekaa hapa njiani, kijana amekaa dirishani."

"Kijana alitoka kitini mara ngapi?"

Popatlal aliacha kuchezea mnyororo wa saa yake. "Hata mara moja."

"Bwana Popatlal, hilo neno nitaliandika na utaliapia. Safari ya usiku na mchana. Hata mara moja?"

"Nitaapa! Mimi ndiye niliyemuona, kwa sababu mimi nilikuwa natembea kila saa, mgongo wangu mbovu. Yule mzee alilala, miguu ameinyoosha mpaka chini ya kiti cha mbele, mkoba kifuani. Kutoka pale lazima umruke. Kijana alikaa tu. Bibi wa ndege alileta maji, akakataa. Alileta chai, akakataa. Nilijua kwa nini anakataa, mimi mtu mzima."

"Na ndege ilipotua njiani? Si mlishuka?"

"Roma tulishuka, tukanyoosha miguu. Mzee akakataa. Alisikia wapi sijui kwamba ndege inaweza kuondoka ikamwacha mtu. Kijana akabaki naye. Khartoum injini ikakorofisha, tukafungiwa ndani, joto, loo, joto la kuoka mkate! Pale nilimuonea huruma. Nikamwambia, wewe kijana, ruka tu! Mzee amelala, hatajua."

"Akakujibu nini?"

"Akasema, mimi nitajua."

Ndesanjo hakuandika mara moja. Popatlal aliona jambo hilo kuwa wazimu wa kijana, na Bwana Hollis angeliona hivyo hivyo, wala wasingekuwa na kosa. Lakini yeye alikuwa amezaliwa kwenye mlima wa pili, chini ya anga hii hii, kwenye migomba na kahawa. Huko kwao, kama ilivyo kwa Wameru, mtoto hamruki baba yake miguu. Kumruka ni kumtakia kifo. Na kumtikisa baba aliyelala, ukamwambia anyanyuke kwa sababu wewe umebanwa na haja ndogo, hiyo ni aibu ya kuhadithiwa ukoo mzima. Mtoto aliyelelewa vizuri anavumilia. Elisaria alikuwa amevumilia kutoka Uingereza mpaka Nairobi.

"Mungu wangu," alisema Ndesanjo kwa sauti. "Twende mlimani."

Njia ya kupanda ilikuwa tope tupu. Gari liliteleza likakwama, wakashuka wakasukuma, likakwama tena. Ndesanjo alitukana tope, akatukana gari, akamtukana na Saning'o kwa kuwa alikuwa karibu. Kila walipozima injini wasikie kama wamefika, waliusikia ule wimbo wa mazishi huko juu, na waliomba usifike mwisho.

Walipofika, kaburi lilikuwa tayari limechimbwa katikati ya migomba ya kihamba, shamba la ukoo. Jeneza lilikuwa juu ya vigoda viwili. Mchungaji alikuwa ameshafungua kitabu. Watu walipoona sare za polisi wakanyamaza, kisha mnong'ono ukapita kihambani kote.

"Mmetuletea yule muuaji?" aliuliza mwanamume mmoja mwenye jembe mkononi.

Ndesanjo alimpita. Mzee Mikaeli Sumari alisimama kichwani pa jeneza, koti jeusi, fimbo, uso mkavu kabisa. Alikuwa mrefu, na huzuni haikuwa imempunguza hata inchi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kuzika?"

"Nimekuja kukuomba tuzungumze pembeni. Ni maneno ya baba na mwana, hayafai watu."

Mzee alimtazama, akamwomba mchungaji asubiri, akatangulia mpaka nyuma ya safu ya kahawa.

"Sema upesi. Mwanangu anangoja."

"Ndani ya ndege mlikaaje?"

"Ndege? Unasimamisha mazishi kuniuliza ndege?"

"Nakuomba, mzee."

"Tulikaa kama kuku kwenye tenga. Mimi pembeni mwa njia, yeye dirishani. Nilimwambia mwenyewe akae dirishani, aone mawingu."

"Alitoka mara ngapi?"

Hapo uso mkavu wa Mzee Sumari ukabadilika. Ndesanjo aliona kitu ambacho hakukitegemea: fahari.

"Hakutoka. Sikiliza, Inspekta. Vijana wanakwenda Ulaya wanarudi wamesahau hata kusalimia. Mimi niliogopa. Nilisema, miaka minne kwa Wazungu, huyu atanirudia mtu wa namna gani? Nilipolala mle ndani miguu imenyooka, nikiamka namkuta vilevile, mikono magotini. Namuuliza, Elisaria, hujaenda haja? Ananiambia, bado, baba, wewe lala. Nikalala. Hakuniruka hata mara moja! Nilitua Nairobi nikimshukuru Mungu kwamba nimerudishiwa mwanangu kama nilivyompeleka. Huyo ndiye mtoto aliyeuawa na yule mwanamke."

Ndesanjo alikuwa amepata alichokifuata, kimetoka kwa baba mwenyewe, bila kulazimishwa. Akatamani asingekipata. Kwa muda alifikiria kumdanganya: kumwambia daktari anataka tu kuhakikisha sumu. Mzee angekubali upesi. Halafu angeyasikia mengine mahakamani, mbele ya watu, kwa kinywa cha Mzungu anayesoma karatasi. Hapana. Ukatili ule hakuuweza.

"Mzee, mguu wake ulikuwa umevimba alipofika. Uliuona?"

"Nilimwona akichechemea pale tuliposhuka kwenye basi. Uchovu."

"Haukuwa uchovu." Akamweleza. Alimweleza polepole, kwa maneno ya Daktari Rebelo na ya Popatlal, akiacha yasiyo na lazima: damu inayoganda mtu akikaa bila kunyanyuka, bila maji, pande linalokatika siku akitembea, pumzi inayozibwa. Hakutamka maneno 'miguu yako'. Hapakuwa na haja.

Mzee Sumari alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainua fimbo, na Ndesanjo akadhani anapigwa, wala hakukwepa.

"Unaniambia mimi nimemuua mwanangu."

"Sisemi hivyo, mzee."

"Unasema adabu inaua! Adabu niliyomfundisha mimi, niliyofundishwa na baba yangu! Mwanamke yule amekulisha nini mpaka uje kunitukana juu ya kaburi?" Sauti yake ilipanda, na kule migombani watu wakaanza kusogea. "Toka kihambani kwangu!"

"Nitatoka. Lakini ukimzika sasa, kesho Nkasiogi anakwenda Moshi, na huko watamnyonga. Watamnyonga, mzee, kwa ushahidi wako wewe. Kama amemtilia sumu, kifua cha Elisaria kitakuwa safi, na mimi nitakuja hapa nipige magoti mbele ya watu wote hawa. Kama hakumtilia, kuna mtoto mdogo humo ndani ya nyumba yako. Atakua. Atauliza mama yake aliuawa na nani. Utamwambia nini?"

Mwanamume wa jembe alikuwa amefika. "Baba mkubwa, tumtoe huyu?"

Fimbo ya mzee ilikuwa bado juu. Taratibu aliishusha, akaiegemea, na ndipo Ndesanjo alipouona uzee wake wote kwa mara moja.

"Nilimwambia mimi akae dirishani," alisema, si kwa Ndesanjo. Halafu kwa Ndesanjo: "Mkikuta hilo pande, mwanamke anatoka?"

"Leo hii."

"Na mimi?"

"Wewe huna kesi, mzee."

"Sikukuuliza kesi."

Alirudi migombani. Aliweka kiganja juu ya jeneza, akawaambia watu kwa Kimeru maneno machache, na Ndesanjo aliyaelewa kwa kuwa hayako mbali na ya kwao: jeneza lirudi garini. Loo, kulizuka vurugu! Wanawake walipiga kelele, mchungaji akamshika mkono, ndugu wakasema laana, maiti haisafirishwi mara mbili, aliyeshatolewa hospitali harudishwi hospitali. Mzee aliwaacha wamalize.

"Mtoto ni wangu," alisema. "Beba."

Hakutoa sababu, na hakuna aliyethubutu kumwomba.

Pale hospitali walimletea kiti, akakataa, akasimama wima ukumbini, mkono ukutani. Ndesanjo alisimama naye. Mlango ulifungwa, ukakaa umefungwa muda mrefu, na muda wote huo inspekta alikuwa akijiuliza maswali ya mtu aliyekata tamaa. Je, kama hamna kitu? Je, kama Popatlal ametia chumvi, mguu ulivimba kwa kuteguka tu, na kweli kulikuwa na kitu kwenye kibuyu? Atakuwa amemkata maiti bure, amemvunja mzee bure, na mwanamke atakwenda Moshi vilevile.

Daktari Rebelo alitoka akijifuta mikono. Alimtazama mzee, akasita.

"Sema," alisema Mzee Sumari.

"Pande la damu, mzee. Limeziba mshipa mkubwa wa pafu. Mguuni nako limebaki jingine. Moyo ni mzima, na mengine yote ni mazima. Hakuna kingine kilichomuua."

"Sumu je?"

"Hata mtu akitafuta sumu mwaka mzima, kilichomuua ni hiki. Nitaandika hivyo na nitaweka sahihi yangu."

"Kubwa kiasi gani?"

Daktari alionyesha kidole chake cha kati. Mzee Sumari alikitazama kile kidole muda mrefu.

"Kama ningeamka tu," alisema. "Kama ningeamka nikamwambia, pita."

Ndesanjo alitaka kusema kwamba hakuna aliyejua, kwamba hata wenye ndege hawakuwaambia abiria. Yote yalikuwa kweli na yote hayakufaa. Alimshika kiwiko, wakatoka.

Bwana Hollis alisoma karatasi ya daktari mara mbili, akaandika amri ya kumwachia huru, akasema kazi nzuri. Ndesanjo hakumshukuru. Kabla ya kwenda mahabusu alimwambia mzee angoje garini, mambo ya kumweleza mama Tabea atayafanya yeye. Ni kazi yake, ameizoea.

"Hapana," alisema mzee. "Hii si kazi yako."

Nkasiogi alitolewa uani, mchanga umeshika kwenye shuka lake, macho yakipepesa kwa mwanga wa jioni. Alipomwona baba mkwe amesimama kati yake na lango alirudi nyuma hatua, kisha adabu ikamshinda woga.

"Shikamoo, baba."

Mzee alifungua kinywa kuitikia, asiweze.

"Wamesema niko huru," alisema Nkasiogi, akimtazama huyu na yule. "Hakuna anayeniambia kwa nini. Amekufa kwa nini mume wangu? Baba, amekufa kwa nini?"

Ndesanjo aliangalia pembeni. Fimbo ilianguka chini, na mzee hakuinama kuiokota.

"Nilikuwa nimelala, mwanangu," alisema Mzee Sumari. "Hakutaka kuniamsha."